Siku Bibi Biasha Alipofumba Macho Darasani

Nikutegee? Haya, kaa vizuri. Nina nguo aliyoivaa bibi yangu, na bibi yake kabla yake. Haichakai, haifuliwi, na hata nikienda kuoga hainivuki. Nguo gani hiyo?

Umeshindwa, basi nipe mji. Lindi? Lindi nimekwenda, nimekula samaki, nimekwisha rudi. Ni jina.

Pale Tingi walikuwako watu wawili waliovaa nguo hiyo moja. Wa kwanza ni Bibi Biasha, mkunga, mama wa makamo yaliyokwisha kupinduka, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema. Wa pili ni mjukuu wake, Biasha, msichana wa kidato cha tatu, aliyepewa jina la bibi yake siku ya saba ya kuzaliwa. Bibi hakumwita Biasha hata siku moja. Alimwita somo, kama waitanavyo watu wa jina moja.

Na katika ukoo ule jina halikuja mikono mitupu. Lilikuja na kazi yake. Bibi mwenyewe alilipata kwa bibi yake, mkunga wa Rutamba, na ukunga akaupata humo humo, kama mtu anayepewa kikapu na vilivyomo. Siku hizi hakuna tena kuzalishia nyumbani; kazi yake ni kuwasindikiza akina mama zahanati na kuwapangusa jasho mpaka muuguzi aje. Lakini wajawazito hawakuacha kupita uani, na wakimkosa Bibi walimgeukia msichana. "Mkunga mdogo, niwekee mkono basi, jina si hilo hilo?" Msichana aliweka mkono, akatazama pembeni, na vidole vyake vikawa baridi kama vya mtu aliyetoka kisimani.

Alilolitaka yeye lilikuwa jingine, na Bibi alilijua. Mwaka uliopita wapimaji wa ardhi walikuja Tingi na chombo chao cha miguu mitatu, na Biasha akawashikia fimbo ya kupimia kutwa nzima. Alirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi. "Bibi, unachungulia pale kwenye kioo, na shamba la mbali kabisa linakuja mpaka kwenye kope! Unaweza kuihesabu mikorosho mmoja mmoja." Alisema hivyo wiki nzima. Halafu watu wakamkumbusha jina lake, akanyamaza.

Basi ilipofika Mei, Mwalimu Monika, mwanamke kijana, mwembamba, anayewasimamia wanafunzi katika mambo ya masomo na kazi, aliwaita wazazi shuleni. Bibi alivaa doti mpya ya kanga, akakaa dawati la mbele, magoti yamegota ubao. Tangu alipomaliza darasa la saba hakuwa amekaa kwenye dawati. Harufu ya chaki ilikuwa ile ile.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahabaa!"

"Leo sitawahutubia. Nataka wote mfumbe macho, wanafunzi na wazazi. Miaka kumi imepita. Ni asubuhi. Umekunywa chai, umetoka. Unakwenda wapi? Mikono yako imeshika nini?"

"Miye miaka kumi ijayo nitashika mkongojo, mwalimu," akasema mzee Klementi, mkulima wa ufuta, na darasa zima likaangua kicheko.

"Basi nyie wazazi rudini nyuma, mzee wangu. Rudini mlipokuwa na umri wa hawa watoto. Fumbeni."

Bibi akafumba. Kwanza aliona weusi tu, na wekundu wa jua kwenye kope. Kisha weusi ukapasuka taratibu, na yeye akawa Rutamba, ana miaka kumi na minne, na barabara inakuja. Ndiyo, inakuja, inajikunjua yenyewe kutoka kwenye miti kama mkeka mwekundu. Na yeye hakuwa kando ya barabara. Alikuwa juu, juu kuliko migomba, amekaa kwenye kiti cha chuma, na chini yake kitu cha njano kinanguruma kwa utaratibu kama paka aliyeshiba. Mbele, udongo ulikuwa unalala ubavu, laini, unang'aa, na nyuma yake hapakuwa na shimo hata moja. Vipepeo weupe walipita mbele ya uso wake. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemtuma maji. Akacheka.

"Fumbueni!"

Bibi alifumbua akaona ubao, akashangaa kwamba haukuwa na vumbi jekundu.

Wanafunzi wakaanza kusimama. Cletus, mtoto wa mzee Klementi, alijiona chini ya lori anafunga nyaya. Farzana, binti wa Altaf mwenye duka, alijiona amevaa koti jeupe, anapima maji ya visima.

"Na dukani atakaa nani?" akauliza Altaf kutoka nyuma.

"Wewe, baba. Si unapapenda?"

Watu wakacheka, na Altaf naye akacheka, ingawa yeye alichelewa kidogo. Kisha ikafika zamu ya Biasha. Alisimama, akangoja kicheko cha mwisho kife.

"Nimeona mikono, mwalimu. Lakini si yangu. Ni ya Bibi."

Mwalimu Monika hakumlaumu. Aligeuka pole pole kwenye dawati la mbele. "Na wewe, Bibi? Wewe ulijiona unafanya nini?"

Darasa zima likamtazama mkunga wao. Wengine humo alikuwa amewapokea yeye kwa mikono yake.

"Aa, mwalimu," Bibi akasema, "benchi lenu tamu. Nilisinzia."

Wakacheka tena. Kisha mwalimu akagawa fomu. Ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza: kazi unayotaka kuiona kwa karibu. Likizo ya Juni kila mwanafunzi angekwenda wiki mbili kwa wenye kazi hiyo, na aliyoichagua ndiyo ingemwongoza mwalimu kujua amsukume kwenye masomo gani, na baadaye kidato cha tano au chuo. Wa afya wangekwenda zahanati. Wapimaji wa ardhi wangekuwa Pande, na walikuwa na nafasi mbili tu. Fomu zirudishwe kesho, kabla ya kengele ya kwanza.

Njiani msichana alitembea hatua moja nyuma.

"Bibi, hukusinzia."

"Nilisinzia."

"Ulicheka. Mtu aliyelala hacheki."

"Hacheki? Babu yako alicheka usingizini miaka thelathini, na ukimwamsha anakasirika."

"Bibi, uliona nini?"

"Niliona njaa. Kaza mwendo, ufuta unatungoja."

Ufuta ulikuwa umesimamishwa mafungu mafungu uani, umekauka vizuri. Wakatandika turubai, wakawa wanachukua fungu, wanaligeuza kichwa chini, wanalitikisa, na mbegu zinamwagika kwa sauti ya mvua nyepesi juu ya majani. Mvua bila maji. Bibi aliipenda sauti ile, ilimchukua mbali. Leo ilimrudisha pale pale, kwenye kiti cha chuma, na kila alipotikisa fungu alisikia ngurumo chini ya miguu yake.

"Hodi jamani!" Akaingia Mwahija, jirani, mimba ya miezi minane ikimtangulia. "Shikamoo, Bibi. Sikai. Nampitia tu mkunga mdogo aniwekee mkono. Huyu wa humu ndani leo kanipiga mateke tangu asubuhi."

"Si mimi nipo?" Bibi akasema.

"Wewe nimeshakuzoea. Mkono mpya una bahati."

Biasha akapangusa vumbi la ufuta kwenye kanga yake, akaweka mkono. Alitazama pembeni. Mwahija akashukuru, akaenda zake akiimba, na msichana akabaki ameushika ule mkono wake kwa ule mwingine, kama kitu alichoazima na hajui akiweke wapi. Bibi aliona.

Kisha Biasha alikaa kwenye mkeka, akatoa fomu na kalamu.

"Nimeamua, Bibi. Naandika ukunga."

"Kwa nini?"

"Wewe mwenyewe uliniambia tangu nikiwa mdogo. Jina lisikae bila kazi. Nikienda Pande, hawa akina Mwahija watasema nini? Watasema Biasha amekufa, na wewe upo hai."

Ni kweli, alimwambia. Mara ngapi? Akimsuka nywele, akimpakata, akimwonyesha uzi na wembe uliohifadhiwa kwenye kopo. Alimwambia kwa sauti ile ile aliyoambiwa yeye, wala hakuisikia kwamba si sauti yake.

Na angewezaje kulisema sasa lile aliloliona darasani? Alikuwa na hofu ya ajabu, ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Aliogopa kwamba siku atakapolitamka, watoto wote aliowapokea, waliokwisha kuwa madereva na makarani na akina mama, wangegeuka popote walipo, huyu na usukani mkononi, huyu na ndoo kichwani, wakamuuliza kwa pamoja: kumbe hukututaka?

Alisikiliza. Ufuta ulikuwa unadondoka wenyewe, mbegu moja moja. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyeuliza. Kalamu tu ilikuwa imegusa karatasi.

"Somo, weka kalamu chini."

"Fomu inatakiwa kesho, Bibi."

"Najua inatakiwa kesho, miye si kiziwi. Weka. Mwalimu aliniuliza mbele za watu, nikamdanganya. Wewe ukaniuliza njiani, nikakupa habari za babu yako."

Msichana akaweka kalamu juu ya mkeka. Bibi akakaa karibu yake, akanyoosha miguu, akatazama mbele kama mtu aliyekaa mahali pa juu.

"Greda," akasema. "Nilijiona naendesha greda, lile la njano la barabara, miye peke yangu juu, nalaza udongo. Nilikuwa nalifuata kila siku nikitoka shule, hadi siku bibi yangu aliponishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha mama anayejifungua. Sikuuchukia ukunga, usije ukanisemea hivyo. Wale watoto niliwapenda. Ila hakuna mtu aliyeniuliza, somo, na wewe umeulizwa. Andika hilo la Pande."