Mto wa Pini wa Afriyie

Mapatano yalikuwa miaka mitatu. Afriyie ajifunze kushona kwa Madamu Konadu, kisha apewe uhuru wake: amwagiwe poda nyeupe kichwani mbele ya wenzake na aitwe fundi. Miaka ikaisha. Madamu akasema msimu wa sare za shule upite kwanza. Ukapita. Akasema kuna harusi nyingi. Harusi zikapita, wengine wakawa wameshaachana, na Afriyie bado anafua shuka za Madamu na kumpokelea mtoto shuleni. Hapa Kumasi hayo huitwa mafunzo. Mama yake alifunzwa hivyo hivyo kuoka mikate, na bibi yake kutia nguo rangi. Ukoo mzima umesoma sana, na hakuna aliyewahi kuhitimu.

Safari hii kisingizio kilikuwa vifaa. Fundi hatoki mikono mitupu, Madamu alisema, akavitaja vya dukani, akijua fika kwamba msichana asiyelipwa hanunui vya dukani.

Afriyie akaenda sokoni, kwenye malundo ya vyombo vya mitumba. Akachagua kikombe cha chai kilichovunjika mkono pamoja na kisosi chake, kasha la miwani, na vitasa vya milango. Muuzaji akamuuliza kama anaolewa na kipofu asiye na nyumba. Vitasa akavivika mabaki ya vitambaa, vikawa vya kukandamizia karatasi za mikato. Kasha la miwani likawa ala ya mkasi. Chini ya kisosi akagandisha sumaku ya redio mbovu, pini zikawa hazitawanyiki tena. Kikombe akakigeuza mto wa pini, kimebenuka juu kama andazi lililoumuka.

Kosa lilikuwa tumboni mwa mto huo. Pamba hushika unyevu, na mvua za Kumasi zikianza, sindano hupata kutu. Nywele zina mafuta yake. Basi akaomba takataka za saluni ya jirani, ya Sista Akyaa, akakishindilia kikombe. Kwamba mtu haachi nywele zake mikononi mwa mwingine asije akarogwa nazo, sembuse zikachomwa pini, alilijua tangu utoto. Siku ile alikuwa anawaza kutu tu.

Alivipanga vyote juu ya meza ya kukatia. Madamu akatafuta kasoro. Alifungua na kufunga kasha, akapima vitasa mkononi, asione kitu. Alipoubonyeza mto, ukakikatalia kidole, mgumu kuliko pamba. Akachukua wembe wa kufumulia, akapasua mshono.

Nywele zikatoka, nyeusi, na pini zimepita katikati yake. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Za nani hizi?"

"Za saluni, Madamu. Zinazuia kutu."

"Saluni ipi?"

"Kwa Sista Akyaa."

Madamu mwenyewe hunyolewa pale. Akavuta kiti, akakaa.

"Na zangu zimo?"

Afriyie alikuwa tayari kupiga magoti aombe radhi. Maneno yalikwishafika mdomoni. Ndipo akaona mkono wa Madamu umeshika goti la kushoto, lile lililokuwa likimuuma tangu mvua zianze, na unalipapasa taratibu. Radhi akaimeza.

"Sijui, Madamu," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu. "Zilikuwa zimechanganyika."

Dufie, mwanafunzi aliyeingia baada ya Afriyie, aliinamisha kichwa akijifanya anatunga uzi.

"Uhuru wangu ni lini, Madamu?"

"Jumapili." Madamu akatazama zile pini. "Hapana. Leo. Dufie, lete poda."

Kwa kawaida, siku ya uhuru Madamu huomba dua ndefu, akahubiri subira mpaka soda zipate moto. Safari hii dua ilikuwa ya pumzi moja, na poda aliimwaga kwa mbali, nyingi ikaishia sakafuni. Kisha akamwomba, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia, achomoe zile pini. Afriyie akazichomoa bila haraka, akizichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Akaushona mto palepale kwa mishono mikubwa, akakusanya vyake, akasema ahsante kwa yote, mama. Poda hakuipangusa. Alipita nayo sokoni kote, na waliomjua wakampigia makofi.

Kama nywele za Madamu zilikuwamo, hakuna aliyepata kujua. Goti liliendelea kuuma, kwa sababu ni la mwanamke mzito anayezeeka.

Jumatatu Madamu alimwagiza Dufie aende nyumbani akatwange fufu ya chakula cha jioni. Dufie alikuwa anapinda pindo la sketi. Aliendelea kupinda, akauliza kwa upole tu tarehe yake ni ipi. Madamu aliitazama sindano vidoleni mwake. Halafu akachukua mkoba wake akaenda kutwanga mwenyewe.