Ubeti wa Saba

Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na wodini alijulikana kwa mambo mawili: mikono myepesi na wimbo. Uchungu ukimbana mzazi, Shangazi alimwimbia beti sita polepole, akimfundisha kupumua nazo. Ubeti wa saba aliuweka kando. Ulikuwa wa mtoto aliyezaliwa asilie.

Ng'ambo ya barabara, ukitazamana na hospitali, upo ukuta mrefu wa chuo kikuu cha sanaa za maonyesho. Tarumbeta zao husikika hadi wodini. Siku moja alikuja mhadhiri wao na kinasa sauti. Mtaani tulimwita Daktari Nota, maana hata ukikohoa anakuandikia nota. Shangazi akamwimbia beti sita, kisha akanyamaza.

"Na wa saba, mama?"

"Wa saba hauimbwi sebuleni, mwanangu. Kunywa chai yako."

Mwaka uliofuata kiharusi kilimwangusha Shangazi, kikamchukua mkono na mguu wa kulia, maneno na nyimbo zote. Daktari Nota akarudi, safari hii hadi kibandani kwangu ninakoshonea viatu.

"Vikundi vya nchi tatu vinakuja kwenye tamasha letu," alisema. "Wimbo wenye pengo nitaupandishaje jukwaani? Wewe kakulea. Hujawahi kuusikia huo ubeti?"

Sijawahi. Mwanamume angeusikia wapi? Lakini chuo kile kilinikataa mara mbili kwa kukosa cheti, mimi niliyejifunza mizani peke yangu, nikizihesabu kwa nyundo juu ya soli. Na sasa mkubwa wao amekaa kwenye kigoda changu akiniomba ubeti.

"Naujua," nikasema. "Njoo kesho."

Niliutunga jioni ile. Haukunitoa jasho.

*Nenda johari ya shani, ukang'are mawinguni,*
*Nyota haifi angani, hubadili tu makani.*

Mizani nane kwa nane, vina vimenyooka kama mshono wa cherehani. Usiku wa tamasha ubeti ule ulipoimbwa, ukumbi mzima ulisimama. Mwanamke mmoja mbele yangu alilia, nami nikavimba kichwa gizani, nikijiambia: cheti chenu na mkile.

Chuo kile kikishika kitu, kimeshika. Wimbo uliingia kitabuni. Wahitimu waliubeba wakaenda nao makwao, wakawafundisha wakunga wa nchi jirani. Na kila Alhamisi wanafunzi wanne walikuja kumwimbia Shangazi kama dawa. Kweli ilikuwa dawa. Ulimi ulianza kulegea, neno likavuta neno, hadi akauimba wote peke yake. Beti saba. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilijifanya natafuta sindano.

Kisha dada yangu akajifungua.

Nilifika asubuhi nikiwa na chupa ya uji, nikakuta pazia limevutwa. Dada alikuwa amempakata mtoto aliyefunikwa vizuri, kofia kichwani. Nilitazama kofia ile haitikisiki, nikaelewa.

"Mleteni Shangazi," dada alisema. "Nataka wa saba."

Tulimsukuma kwa kiti cha magurudumu. Mama Mkasi, mkunga mkongwe aliyefundishwa kazi na Shangazi, akasimama mlangoni. Shangazi akaweka mkono wake mzima juu ya kofia, akaimba. Sauti ilikuwa yake. Maneno yalikuwa yangu. Johari, shani, makani. Vina vyangu vilipita juu ya kile kitanda vikilia kama vigae.

Dada alisubiri, kana kwamba kuna kilichobaki.

"Ndio huo tu? Mbona unamwambia aende?" akauliza. "Mimi sijamshika hata saa moja."

Shangazi alitabasamu, akauanza upya. Dada akageuzia uso ukutani.

Nje, kwenye korido, Mama Mkasi alinikamata kiwiko.

"Huo sio aliokuwa akiimba zamani."

"Alikuwa akiimba nini? Niambie, Mama Mkasi, niambie hata nusu."

"Sikumbuki, baba. Nilikuwa nakimbizana na damu, si na nyimbo. Ninachokumbuka, kwanza alimuuliza mama jina. Mtoto wa kuzikwa leo, naye anauliza jina! Kisha jina hilo akalitia ndani ya wimbo, akaliimba hadi mama mwenyewe aseme basi."

Ndiyo maana hakuuimba sebuleni. Angemwimbia nani?

Nilivuka barabara mbio. Daktari Nota alikuwa ofisini, kitabu kiko mezani.

"Wa saba niliutunga mimi," nikamwambia. "Ni uongo. Ufute."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Unaimbwa nchi tatu, mshairi. Wakunga wameuhifadhi kwa moyo. Haya, nafuta. Niweke nini mahali pake?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa kina, sikuwa na hata silabi moja.

"Kamuulize shangazi yako," akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

Nilimuuliza. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Shangazi, ule wa zamani. Wenye jina la mtoto." Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepotea njia, akanipa johari na nyota tena.

Alhamisi wanafunzi walikuja kama kawaida, wakajipanga sebuleni. Dada alikuwa chumba cha pili, mlango ameurudisha. Nilitaka kuwafukuza, lakini Shangazi alikwishaanza kupiga kidole kwenye mkono wa kiti, uso umemchangamka. Kumnyang'anya wimbo huu ni kumrudisha kwenye ububu. Wakaimba. Walipofika wa saba, mimi nilinyamaza.

Shangazi akanifinya bega.

"Imba na wewe," akasema. "Au huujui?"