Kulia kwa Daktari, Kushoto kwa Dada

Siku Fundi alipojishona kidole kwenye upindo wa sketi, aliyegundua ni mteja.

"Fundi, damu hiyo," alisema yule mama.

Fundi akatazama, akaona sindano ya cherehani imezama kwenye kucha. Akazungusha gurudumu, akainyanyua, akaomba radhi kwa doa. Hakuhisi chochote, na hilo ndilo lililomtia hofu. Fundi asiyehisi kitambaa atashona nini? Na kazi nyingine hakuijua.

Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole vya mikono yote miwili, nayo ilikuwa inapanda. Matibabu hayakuwa shida katika ukoo ule. Kaka wa mkewe alikuwa daktari, na dada mkubwa wa Fundi mwenyewe aliuza dawa za miti shamba. Wawili hao hawakuwa wakiivana tangu msiba fulani, ambapo kila mmoja aliamini marehemu alikuwa anaelekea kupona mpaka mwenzake alipotia mkono.

Daktari alimpima damu, ikachukua dakika tano. "Ni kisukari, shemeji. Vidonge asubuhi na jioni, sukari acha. Na mizizi ya dada yako usiiguse."

Dada hakupima damu. Alimuuliza anakula nini, analala saa ngapi, nani kamuudhi. Ikachukua mchana kutwa, na Fundi akatoka pale kapata nafuu kwa kusikilizwa tu. "Unga huu, kijiko kimoja kwenye maji moto. Sukari acha. Na vidonge vya huyo shemeji yako tupa kule."

Fundi aliitikia kote kote.

Sasa, Fundi alikuwa na desturi yake. Hakushona mikono miwili ya gauni kwa mpigo. Alishikiza mmoja, mteja akajaribu, ukikaa vizuri ndipo akafuata wa pili. Basi akaamua kuzijaribu dawa vivyo hivyo. Mkono wa kulia akaukabidhi hospitali: vidonge akavishika kwa kulia na kuvimeza akiwa ameegemea kulia. Wa kushoto akampa dada. Kila asubuhi alijidunga kwa pini, akapima kwa futi yake ganzi imefika wapi, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Mikono ililingana. Ganzi ilipanda kote.

Mkewe alilikuta lile daftari, akalisoma mara mbili.

"Baba watoto, tumbo lako lina vyumba viwili?"

Fundi alilifikiria swali hilo. "Sijawahi kulifungua," alisema.

Mkewe akawaita Daktari na Dada waje wakati mmoja, bila kumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Wakakaa kwenye benchi la wateja, jora la kitambaa katikati yao, wakaanza kurushiana maneno. Fundi, kwa kuona haya, akajikorogea unga wa dada. Akatia sukari kijiko kimoja, viwili, vitatu. Kwenye benchi vichwa vikageuka. Vinne, vitano.

"Unafanya nini?" aliuliza Daktari.

"Ni mchungu huu. Bila vitano haupiti."

"Mimi sukari nilikukataza!"

"Hata mimi nilimkataza," alisema Dada.

Wakatazamana. Ni kweli, walimkataza wote. Ila kwa kuwa katazo hilo halikuwa la upande mmoja, Fundi hakujua aliweke kwenye mkono upi, akaliacha.

"Ganzi itatoka?" aliuliza.

"Iliyokwisha kupanda huenda isishuke," alisema Daktari polepole. "Tujitahidi isisogee zaidi."

Fundi akamgeukia dada yake, akingoja abishe. Dada akainamisha kichwa. Hapo ndipo Fundi alipolia, mbele ya wote, kwa sababu hakuwa amewahi kuwaona wakikubaliana.

Wakapanga. Vidonge viendelee, unga usubiri kwanza, na Dada awe anakuja kila wiki kumkagua vidole na kumuuliza maswali yake yote, maana Daktari nafasi hiyo hana.

Huu ni mwezi wa tatu. Kila asubuhi mkewe humfunga macho kwa kipande cha bitana, humgusa kwa ncha ya penseli kuanzia ncha za vidole akipanda.

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Hapo."

Mkewe anapima. "Inchi tatu na nusu."

"Jana ilikuwa ngapi?"

"Tatu na nusu."

Fundi hunywa chai yake isiyo na sukari, akiichukia, mpaka tone la mwisho. Kisha hunyoosha mkono wa pili.