Chumba cha Jarell

Shule ya mkataba, ile ya watu binafsi inayolipiwa na serikali, iliyo juu ya vichwa vyetu siipendi, na sitajifanya. Jengo hili la Bronx ni la watoto wa mtaa mzima. Wao walipewa ghorofa ya juu, kisha wakaongezwa ya kati, kwa pesa zilezile za serikali tunazonyimwa sisi wa shule ya kawaida huku chini, na hawaulizwi na mtu wanavyoendesha mambo yao. Sasa wakakitaka hata kile chumba kidogo cha chini, anamofundishwa kuongea mwanangu Jarell. Ana miaka saba, na maneno yake unayahesabu kwa vidole. Bi Petrosky, mwalimu wake wa kuongea, hufunga mlango kwanza, maana kelele kidogo tu zikiingia, mtoto anapotea.

Siku ya mkutano wa hadhara wa kuamua chumba kiwe cha nani, wazazi wa shule ya juu waliletwa kwa mabasi, wote fulana za njano. Mdogo wangu Lorraine naye alikuwemo, kwa kuwa binti yake Simone anasoma huko.

"Na wewe umevaa hilo lifulana lao?"

"Tumeambiwa tuvae."

"Na ukiambiwa uruke dirishani?"

"Usinianze, dada. Simone anasoma vitabu vya watoto wakubwa. Huko kwenu angesoma nini?"

"Huko kwetu ndiko aliko Jarell."

"Sijamsema Jarell mimi."

"Basi msemee. Si wewe mama yake mdogo?"

Alipoitwa kwenye kipaza sauti, alisema kila mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe shule, na watoto wa juu wanahitaji maabara. Kisha akasema, "Chumba chenyewe anakaa mtoto mmoja tu kwa wakati." Hilo nilimwambia mimi, jikoni kwangu, nikijivunia. Niliinuka nikamtukana mbele za watu mpaka askari wakanitoa nje. Wajumbe wa bodi ya elimu wakapiga kura, chumba kikaenda.

Jarell akahamishiwa kwenye korido, meza chini ya ngazi. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa naye watoto wa juu wakashuka kwa mstari, mikono nyuma, midomo imefumbwa. Kwao ukiongea kwenye korido unaadhibiwa. Nyuma yao alikuwa Lorraine, zamu yake ya kusaidia.

Jarell alimwona Simone, akasimama.

"Simone!"

Lilitoka zima, safi. Bi Petrosky akaziba mdomo kwa mkono. Mimi machozi yalinitoka palepale.

Simone alimtazama, machozi yakimlenga, akapita.

"Simone!"

"Lorraine," nikasema, "mwambie mwanao amjibu. Neno moja tu."

Lorraine alifungua mdomo, akamtazama mwalimu aliyetangulia mbele, akaufunga. Mstari ukaishia mlangoni.

Jarell akakaa. Bi Petrosky akainua kadi yenye picha ya tufaha, akamwuliza taratibu, "Hiki nini, mpenzi?"

Mwanangu akafumba midomo, akaweka mikono nyuma.