Mchanganyiko wa Tisa

Mwaka wa 1996 Zubeida alikuwa mpimaji katika kiwanda kidogo cha kusubu vyuma mjini Thika. Alibana ufito upande mmoja, akaning'iniza uzito upande wa pili, kisha akasoma kwenye mshale wa kipimo umepinda kiasi gani, na uzito ukiondolewa umerudi vipi. Fito zenyewe zilikuwa shaba iliyochanganywa na alumini, nikeli, chuma na manganizi.

Viwango vya mchanganyiko vilipangwa na Bedan, mzaliwa wa Gitothua. Walikuwa wamefanya kazi meza moja kwa miaka minne, kabla Bedan hajaenda kusoma Ujerumani. Walitafuta springi ya mashine ya kahawa ambayo haingekatika kila msimu. Zubeida alimtumia vipimo kwa barua, naye kwa vipimo hivyo akakisia mchanganyiko unaofuata. Chini ya tarakimu Zubeida aliandika mengine: mvua imeanza Kiganjo, redio imeharibika, hakuna wa kubishana naye.

Mchanganyiko wa tisa ulipinda kama Bedan alivyokisia, ukarudi sawasawa mara mia mbili. Wiki hiyo Bedan alipiga simu kutoka Ujerumani, ofisini kwa Kaleli, msimamizi wao.

"Ni vile ulisema," Zubeida alimwambia. "Nimerudia mara tatu."

"Basi tumepata, Zube."

"Tumepata. Sasa unarudi?"



"Wamenipa kazi huku. Nimekubali."

Kaleli alimtazama Zubeida usoni, akatoka nje na kuufunga mlango taratibu.

"Si ungeniandikia?"

"Nilianza mara nyingi. Nikawa naishia kwa vipimo."

Jumamosi Zubeida alikwenda Gitothua, kama alivyofanya kila mwezi, kumjulia hali Ngendo, mamake Bedan. Alimkuta barazani akichagua maharagwe. Chumba cha nyuma kilinuka rangi mbichi.

"Amekuambia anakuja tarehe gani?" Ngendo aliuliza. "Mimi aliniambia tu Desemba."

"Haji, mama. Amepata kazi huko."

Ngendo aliendelea kuchagua, punje moja moja, bila kuinua macho.

"Na wewe ulikuwa unamngoja?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ndiyo," Zubeida alisema.

Ngendo alisogea kidogo kwenye mkeka, akausukuma ungo katikati yao. Zubeida akavua viatu, akaketi.