Kuku wa Omena

Rael alichoka kuona kuku wake wamekonda kama vijiti, akaamua kuwatengenezea chakula mwenyewe. Chakula cha gunia kilichouzwa madukani Busia kilikuwa cha wenye nazo. Yeye alianika maganda ya muhogo, akayatwanga kwenye kinu pamoja na pumba za mahindi, kisha akatia dagaa wa ziwani, omena zilizovunjikavunjika ambazo dada yake alimletea kutoka Budalang'i. Omena hakuzipima. Kuku walizigombania, naye akazidi kuwatilia.

Walinona mpaka majirani wakawa wanapita uani kwake bila sababu yoyote.

Wakwe walipokuja, jogoo mnene kuliko wote alichinjwa. Rael alipika, akapakua, akasimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Mumewe, Phanuel, alitia mdomoni firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, akatafuna kidogo, akaacha. Wageni nao walitazamana.

"Mama Wandera," Phanuel alisema, "huyu kuku ni omena tupu. Hukuonja kabla ya kuleta?"

Rael alimtazama. Wiki aliyoolewa, mama mkwe alimkalisha jikoni akamwambia kwamba mwanamke wa boma hili hali kuku, na mchuzi wake haulambi. Tangu siku hiyo alikuwa amepika kuku wasiohesabika, chumvi akiikisia kwa vidole.

"Hata ningeonja, baba Wandera," alisema, "ningejuaje kwamba kuku hana ladha hiyo?"