Bonge la Kinamasi

Guntram alikuwa muungwana, mtu asiye na bwana, na kama ulikuwa hujui, angekuambia. Angekuambia hata kama ulikwenda kwake kuazima shoka tu. Baba yake alikwenda vitani na ngao yake mwenyewe, hakupewa na mtu. Shamba la ngano kando ya mto Loire alilirithi kwa baba, baba naye kwa babu, na juu yake hakuwako mtu ila mfalme. Mfalme alikuwa mbali, na kwa Guntram hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa.

Majirani walikuwa wamekwisha kusalimu amri, mmoja mmoja. Kila mtu alichimba bonge la udongo shambani mwake, akampelekea Teutbald, aliyejenga mnara wa magogo kilimani. Akapiga magoti, akatia mikono yake katikati ya mikono ya Teutbald, akamwita bwana. Teutbald akamrudishia bonge lake akalime kama zamani, ila ardhi sasa ni ya Teutbald, na mlimaji ni mtu wake. Maharamia wa Kaskazini wakija na mashua zao, mtu wake ana ruhusa ya kukimbilia mnarani.

"Teutbald!" Guntram alifoka. "Tuliyechunga naye nguruwe! Mtu niliyemtoa matopeni nikimvuta masikio, leo nimwite bwana? Ng'o!"

"Basi wakija maharamia, wasimulie hiyo ya masikio," mkewe Ermentruda akamwambia. "Watacheka mpaka wasahau kutuchinja."

Asubuhi moja moshi ukaonekana upande wa juu wa mto, kwenye nyumba ya watawa. Ermentruda akaanza kuwafunga kuku miguu.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu, muungwana wangu," alisema. "Na wako unawe kwanza."

Guntram akanawa. Lakini alikuwa na hila yake. Nyuma ya shamba palikuwa na kipande cha kinamasi, hapaoti kitu ila matete. Akachimba bonge lake huko, akajisifu njia nzima kwamba Teutbald atakuwa bwana wa vyura. Ermentruda aliliona lile bonge asiseme neno, na mume mwenye akili angeshtuka hapo hapo.

Kule mnarani Teutbald alilipokea bonge kwa mikono miwili, mbele ya watu. Maji yakamchuruzikia kwenye viatu vipya. Kisha chura mdogo akachomoza, akatazama watu, akaruka.

"Guntram, ndugu yangu," Teutbald akasema, "hapa ndipo unapotaka nipalinde?"

"Ndipo."

"Haya. Nitapalinda. Maharamia wakija, wewe na shemeji mkasimame kwenye matete, nami nitawaangalia vizuri kutoka huku juu."

Watu waliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Ermentruda.

"Nenda kalete lingine," Teutbald akasema kwa upole. "Hili liache hapa."

Guntram akarudi shambani, akachimba chini ya mti wa mpeasi, pale baba yake alipomfundisha kushika jembe la kukokotwa na ng'ombe. Aliumia kama mtu anayeng'olewa jino. Alilia, wala hakujificha.

Akarudi mnarani, akapiga magoti. Mikono ya Teutbald iliyoifunika yake ilikuwa na sugu zilezile za siku za nguruwe. Lile neno "bwana" alilisema kwa kulikohoa, na Teutbald, kwa huruma, akakipokea kikohozi. Bonge likarudi shimoni mwake, Ermentruda akalishindilia kwa kisigino.

"Mbona liko palepale?" akasema.

"Palepale," Guntram akakubali, akijifariji kwamba neno lenyewe hakulitamka hasa.

Kesho yake Teutbald akapita kando ya shamba juu ya farasi. Alikuwa anakwenda kwa mkuu wa jimbo, naye akapige magoti yake. Kikapu kilichoning'inia tandikoni kilikuwa kinavuja maji, na matete yamechungulia.

Guntram akaegemea jembe. "Udongo wa wapi huo?"

"Wa ardhi yangu," Teutbald akajibu bila kugeuka. "Mkuu wa jimbo hajui ngano yangu inaota wapi. Nawe hukuona kitu."

"Nimeona mguu wa chura."

"Nyamaza, mtu wangu."

Guntram alicheka mpaka akaliachia jembe, akaushika mpeasi asianguke. "Safari njema, bwana!" akapaza sauti. "Funika kikapu, bwana, asije akaruka!"

Farasi alikuwa ameshapotea njiani kicheko kilipomkauka. Alikuwa amesema "bwana" mara mbili. Hakupiga magoti, hakukohoa, wala hakuna aliyemlazimisha. Lilimtoka lenyewe, tena kwa furaha, na hilo ndilo lililomuuma kuliko jana.

Akamtazama mkewe. Ermentruda alikuwa amesikia. Alikuja akasimama karibu naye, akaliokota jembe.

"Tulime," akasema.